Marahaba za Kilomita 21

Pwani ya Dar es Salaam ni mahali pa kukaa. Mtu huja Coco Beach jioni na familia yake, hutandika mkeka au huvuta kiti cha plastiki, huagiza mihogo ya kukaanga, hubishana kidogo na mwenye karai kuhusu ukubwa wa vipande, humwagiwa pilipili na kachumbari, kisha huyatazama maji yakija na kurudi mpaka giza liingie. Hakuna anayenyanyuka bila sababu. Wanaokimbia ni watoto, na hata wao huambiwa watulie wasije wakawarushia watu mchanga kwenye chakula. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Kisha wakatokea watu wakasema: barabara hii inayoambaa na bahari, hebu tuifunge Jumapili moja alfajiri, tuwatoze watu pesa, waikimbie kwenda na kurudi.

Na watu wakalipa. Tena wakalipa mapema, ili wapate punguzo.

Hali imekuwa mbaya zaidi tangu Septemba 2025, Mtanzania Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia ya riadha kule Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na ikabidi picha iamue nani ametanguliza kifua. Waliachana kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Tanzania ilikuwa haijawahi kupata dhahabu kwenye mashindano hayo, na sote tulipiga kelele mpaka majirani wa upande wa pili wakatoka nje kuuliza kuna msiba gani. Ila mtaani kwetu habari ile ilieleweka kwa namna yake. Kila mwanamume aliyepita miaka hamsini aliitazama ile picha, akahisi kwamba palikuwa na nafasi yake pembeni.

Mbio nilizokimbia mimi sizitaji jina. Waandaaji walinipa fulana na ndizi, na mengi yaliyotupata siku ile hakuna aliyeyapanga. Nilikwenda na klabu yetu ya jogging, ambayo hukutana Jumamosi alfajiri, hukimbia ikiimba mpaka kwa mama wa supu, na hapo kwenye supu na chapati ndipo zoezi hasa huanza. Mwenyekiti alijitolea kutuchukulia wote namba za kifuani, zile zenye chipu nyuma yake. Akazigawa saa 10 na nusu alfajiri kwenye maegesho, kwa mwanga wa tochi ya simu iliyokuwa na chaji asilimia 6, huku akihimiza haraka haraka kabla haijazima. Kila mmoja akapokea alichopewa, akakibana kifuani kwa pini nne. Fulana nazo zilikuwa zimebaki saizi mbili: moja haikunipita kichwani, nyingine tungeingia mimi na mke wangu na bado mikono ingebaki. Nilivaa hiyo ya pili, nikaichomeka ndani ya bukta, na upande wa nyuma ukanifika magotini.

Tulitangaziwa kwamba mbio zinaanza saa 12 kamili. Saa 11 na nusu kijana mmoja mwenye kipaza sauti alipanda jukwaani kutulegeza viungo. Tukaruka kulia, tukaruka kushoto, tukachuchumaa, tukanyoosha mikono kugusa vidole vya miguu, kwa wale ambao vidole vyao bado vinafikika. Saa 12 ikafika, tukaambiwa mgeni rasmi yuko njiani. Kwa hiyo tukaendelea kulegezwa. Muziki ukaongezwa. Kijana yule hakuwa na dalili ya kuchoka wala huruma, na kila tulipodhani amemaliza aliuliza, "Dar mpo?" na sisi wajinga tukajibu tupo. Mgeni rasmi alipowasili saa 12 na dakika 40, wapo wenzangu waliokuwa wameshamaliza mbio zao palepale waliposimama. Mgeni akaahidi kwamba hatazungumza sana. Akatueleza kirefu madhara ya kutokutoa jasho. Sisi, tuliokuwa tumelowa mpaka soksi, tukampigia makofi. Kisha akapuliza honi, akakimbia na wapiga picha wake hatua kadhaa, akaingia kwenye gari.

Hapa niseme jambo moja kuhusu upepo wa bahari, kwa sababu ndio uliotuponza wengi. Ndugu zetu wa bara hudhani kukimbia pwani ni raha: barabara tambarare, upepo mwanana. Na sisi wa hapa huwaacha waamini, kwa kuwa tunaukumbuka upepo huo wakati wa kula mihogo. Lakini upepo wa bahari una saa zake za kazi. Jua likishachoma, ardhi hupata joto upesi kuliko maji, hewa ya juu ya ardhi hupanda, na ile ya baharini huja kuziba pengo. Hilo halitokei alfajiri. Ni mpaka saa 4 au saa 5 asubuhi ndipo upepo unaosifiwa huamka, na kabla ya hapo kinachopuliza, kama kipo, ni umande utokao bara, ukielekea huko baharini kwa shughuli zake. Na sisi tulikimbia wakati wa tangambili, kusi imeshachoka na kaskazi haijafika. Hapakuwa na jani lililotikisika. Sasa, jasho halipozi mwili kwa kutoka. Hupoza kwa kukauka. Hewa ya pwani asubuhi imeshiba maji, haina pa kupokea mengine, kwa hiyo jasho lako hubaki kuwa lako. Huteremka mgongoni, hupita kwenye bukta, huingia ndani ya raba, na kufikia kilomita ya nne unasikia mguu wako ukiongea kila unapokanyaga.

Ukitaka upepo wa bahari, njoo saa 5 na ukae. Waliokaa ndio wanaoupata.

Kuna gharama nyingine ya mbio hizi, ambayo sijaiona kwenye mwongozo wowote wa mazoezi. Mimi nina mvi, na kijana aliyelelewa vizuri hawezi kumpita mtu mwenye mvi kimyakimya. "Shikamoo mzee!" Akaja wa pili: "Shikamoo baba!" Marahaba ina silabi nne, na pale kwenye ile ya tatu pumzi yote hukutoka. Mwanzoni nilijibu kwa ukamilifu, "Marahaba mwanangu, hujambo?" na wengine wakapunguza mwendo ili wajibu kwamba hawajambo. Kwenye kilomita ya tano nikaondoa hujambo. Kwenye kilomita ya nane nikaondoa mwanangu. Baada ya hapo nilijibu kwa kuinua mkono, na wahudumu wa huduma ya kwanza wakaja mbio mara mbili wakidhani naomba msaada. Likaja kundi la wanafunzi wa sekondari, wamevaa fulana za shule, wakanipita kulia na kushoto, na kila mmoja kwa zamu yake akanipa heshima yangu. Kama nchi hii ingekuwa na vijana wasio na adabu, ningemaliza dakika tano mapema.

Mbaya zaidi ni pale aliponipita mzee aliyenizidi umri. Alikuwa amevaa raba za turubai na kofia ya kiua, mwembamba, hana papara. Wajibu ukawa wangu. Nikakusanya hewa, nikasema, "Shikamoo mzee." Akaitikia vizuri tu, akaniuliza hali, akauliza za nyumbani, akauliza watoto wanaendeleaje na kazi inakwendaje, na muda wote huo anazidi kuniacha. Habari za kazi nilimjibia mgongoni.

Tulipanda Daraja la Tanzanite. Daraja hili lilifunguliwa 2022, lina urefu wa kilomita moja na ushee, na limepita juu ya bahari kutoka upande wa Hospitali ya Aga Khan mpaka jirani na Coco Beach. Ukilivuka kwa gari unaona mandhari. Ukilivuka kwa miguu unaona mwinuko, ambao kwa miaka yote hiyo hakuna dereva aliyenidokeza. Pale juu ndipo tulipopata kaupepo, nako kakaja kwa ubavu na kuondoka na kofia za watu. Mwenzetu mmoja aliifukuza yake upana wote wa barabara, akaikuta imeshatumbukia, akasimama kwenye ukingo akiisindikiza kwa macho ikielea kuelekea Kigamboni. Wale wa kilomita 5 nao walikuwa wamejipanga mstari kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, wakipiga picha za pamoja. Mmoja alinipa simu yake, "Samahani anko, tupige moja." Nikawapiga. Wakaomba nyingine, ya kulala, wote waonekane.

Ni hapohapo darajani ndipo vinara walipotupita, wakirudi. Nilikuwa nimejiandaa kushangilia lakini sikuwahi. Kwanza ilipita pikipiki, kisha vijana wanne wembamba, na kilichonishangaza ni ukimya: raba zao zilikuwa hazigusi lami kwa muda wa kutosha kutoa sauti. Nyuso zao hazikuwa na habari yoyote. Kijana aliyekuwa pembeni yangu, anayehema kuliko mimi, akasema, "Hawa nao wamelipa kiingilio kilekile?"

Dada mmoja wa klabu yetu, anayefanya kazi benki, alikuwa amenunua raba zake kwenye mitumba ya Karume. Ni raba za kweli, za kukimbilia, huko ng'ambo bei yake ni mshahara wa mtu. Ila gundi ikikaa miaka stoo huchoka, na ikikutana na jasho na lami ya moto huaga kabisa. Kwenye Barabara ya Barack Obama, ile tuliyokuwa tukiiita Ocean Road kabla ya ugeni wake wa mwaka 2013, soli ya mguu wa kulia ilifunguka kuanzia vidoleni, akawa anaikanyaga yeye mwenyewe. Wengine wangekaa chini walie. Yeye alimwona fundi viatu.

Fundi huyu alikuwa amekuja na kisanduku chake na kigoda, ameketi chini ya mti kando ya barabara, na nilipomuuliza baadaye mbona yuko kazini Jumapili alfajiri, alijibu kwamba watu elfu kadhaa wakipita na raba mbele yako, wewe subiri tu. Akaipokea raba bila kuuliza. Akaibana katikati ya magoti, akapangusa mchanga kwa kidole gumba, akatoboa kwa msumari wake, akapitisha uzi wa nailoni alioukwangulia kwanza kwenye kipande cha nta, akavuta mpaka mshipa wa shingo ukamtoka. Hakuwa na haraka. Dada wa benki alisimama kwa mguu mmoja, ameshika shina la mti, akitazama saa. "Fundi, nakimbia." "Najua, dada. Ndiyo maana nashona mara mbili." Ikaja shilingi elfu mbili, na mkimbiaji hana mfuko. Simu ipo, imefungwa mkononi, imelowa jasho, haitambui kidole. Akapangusa kidole kwenye suruali ya fundi, akaingiza namba ya siri, wakasubiri pamoja ujumbe wa kuthibitisha, huku pembeni mwao wakimbiaji wakipita. Alipoondoka, fundi alimwita tena. Ulikuwa umekatwa uzi vibaya, akataka aukate vizuri. Mpaka leo raba ile ya kulia ndiyo nzima. Ya kushoto, ambayo haikushonwa, ilifunguka wiki iliyofuata.

Kisa cha mhasibu wetu ndicho kilichozua mjadala mpaka leo haujafungwa. Mama huyu alijiandikisha kilomita 10. Alipofika kwenye mgeuko, akahesabu kwamba pale alipo ni karibu na soko la samaki la Feri kuliko atakavyokuwa siku nyingine yoyote ya wiki, na kwamba saa ile mnada umepamba moto, mitumbwi imeshaingia, bei bado haijajua kama ni Jumapili. Akatoka nje ya utepe, akapanda bodaboda, akaenda Feri, akapiga bei, akarudi kwa bodaboda ileile mpaka kwenye nukta aliyoachia, akashuka, akaendelea kukimbia. Mkononi ana mtungo wa changu, wamefungwa kwa ukindu, bado wanang'aa. Alivuka mstari wa kumalizia nao, ameunyanyua juu kwa ajili ya mpiga picha. Binti wa kuvisha medali alisita asijue aanze wapi, mama akamwinamishia shingo tu akamwambia avalishe, samaki wasishikwe.

Je, alidanganya? Katibu anasema mtu akipanda bodaboda katikati ya mbio matokeo yake hufutwa, hata angekuwa nani. Mhasibu anasema kilomita 10 zote alizikimbia kwa miguu yake, moja baada ya nyingine, na bodaboda ilikuwa safari binafsi nje ya njia, sawa na mtu aliyesimama kujisaidia, ila yeye alisimama mbali. Mimi niko upande wake. Nilikula wale changu.

Nilipogeuka na kurudi, jua lilikuwa limeshapanda, na njia ikatupeleka Masaki kwa Toure Drive, kule ambako bahari iko upande mmoja na kuta za matajiri ziko upande wa pili. Kwenye kituo cha maji nilinyakua kikombe, nikajimwagia kichwani kwa nguvu zote, kwa namna niliyoiona kwenye televisheni. Ilikuwa ni kile kinywaji chekundu cha sukari. Kikashuka usoni, kikaingia shingoni, kikakauka kwa kazi ambayo jasho lilishindwa, na kuanzia hapo kope zangu zilikuwa zikishikana kila nikipepesa. Nzi wa Masaki, ambao nilikuwa nasikia hawapo, walijitokeza.

Askari wa usalama barabarani aliniambia kwa upole, "Mzee, tembea tu, huku nyuma hakuna mtu." Watoto juu ya ukuta wakanipa habari kwamba wenzangu wameshafika. Mbele kidogo mlinzi wa geti moja, kijana wa Kimakonde kwa lafudhi yake, alinitazama nikija kutoka mbali, akanyanyuka, akanisogezea kiti chake. Hakusema kaza, hakusema pambana. Alisema, "Karibu mzee, pole na kazi. Kaa kidogo." Kiti chenyewe kilikuwa cha plastiki nyeupe iliyogeuka njano, mguu mmoja umeungwa kwa waya na kipande cha mpira wa baiskeli. Nilikaa. Katika mbio nzima, na namaanisha pamoja na medali, hakuna kitu kizuri nilichopewa kushinda kile kiti. Bahari iliyokuwa kero kwa saa mbili ikawa bahari tena. Muuza madafu akafika na baiskeli yake, akanikatia moja kwa panga bila kuuliza kama nina hela, akamwambia mlinzi kwamba tangu asubuhi amewapita wakimbiaji kadhaa na mzigo wake mzima, na wengine ndio hawa.

Nikaweka ndizi yangu pajani ili nishike dafu kwa mikono miwili. Kunguru akaichukua. Hakurukaruka kwanza wala kujipima, alishuka, akabeba, akaenda kukaa juu ya ukuta na kuimenya mbele yangu. Ndege hawa waliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka, na Waingereza wakaona ni wazo zuri. Sasa wamefika kwenye lishe ya wanamichezo.

Nilipokuwa nimekaa hapo likaja gari la wagonjwa, lile linalofuata watu wa mwisho. Likasimama. Dereva akashusha kioo. "Mzee, tupande?" Kwenye klabu yetu swali hilo lina jibu rasmi, nalo ni John Stephen Akhwari. Mexico, Olimpiki ya 1968, Mtanzania huyu alianguka akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea, akaingia uwanjani jioni zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, akiwa wa 57, wa mwisho kati ya wote waliomaliza. Hakuna mtu mzito wa mwendo nchini asiyejificha nyuma ya jina lake. Tunachokisahau kwa makusudi ni kwamba Akhwari alikuwa mkimbiaji wa hali ya juu hasa. Miaka miwili baadaye, Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alimaliza marathoni akiwa wa tano. Goti lake lilikuwa limeumia. Langu mimi lilikuwa linalia tu, mithili ya mlango wa banda la kuku. Hata hivyo nilimtaja. Dereva akatikisa kichwa, akasema kila mwaka lazima awepo mtu wa kumtaja Akhwari, akapandisha kioo. Alinifuata taratibu mpaka mwisho, na nasikitika kusema kwamba gari lile lilikuwa na kiyoyozi.

Mita mia za mwisho mshereheshaji aliniona, akatazama skrini yake, akapaza sauti: "Na huyu hapa dada yetu, mwanafunzi wa chuo, mshangilieni!" Nikageuka nimpishe huyo dada. Nyuma yangu palikuwa na gari la wagonjwa peke yake. Watu wakashangilia kwa moyo mmoja, wengine wakacheka, nikadhani wananicheka kwa ajili ya fulana, nikavuka.

Chini ya turubai la klabu ugomvi wa saa ulikuwa umeshaanza. Siku hizi kila mtu ana saa inayosoma setilaiti, na kila saa ina kilomita zake. Ya katibu ilisema 21.4. Ya mwenyekiti 21.7. Kuna aliyepata 20.9 akanyamaza. Wote walikuwa na hakika kwamba wameibiwa au wamezidishiwa. Njia za mbio za kweli hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa kinachohesabu mizunguko ya gurudumu, ikifuata mstari mfupi kuliko yote unaowezekana kukimbiwa, na huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili isije ikapungua. Mtu anayekata kona kufuata kivuli, akarudi upande wa pili kufuata maji, akaenda kwa fundi viatu, lazima azidishe. Nilijaribu kueleza hayo, hawakunisikiliza, nikawaongezea la 1908. Mwaka huo Olimpiki ya London ilianzisha marathoni Windsor Castle na kuimalizia uwanjani mbele ya jukwaa la kifalme. Ukapatikana urefu wa kilomita 42 na mita 195, na mwaka 1921 ukafanywa sheria ya dunia nzima. Kwa hiyo zile mita 97 na nusu za mwisho wa nusu marathoni, ambazo ndizo zilizoniua, nilizikimbia kwa sababu ya mahali walipokaa watu wa ukoo wa kifalme wa Uingereza. Nao, naomba izingatiwe, walikuwa wamekaa.

Mke wangu alikuwa kwenye mkeka tangu saa 1, na chupa ya chai na vitumbua. Aliniangalia nywele zilivyoshikana kwa kile kinywaji, akaniangalia fulana, akasogea kunipa nafasi. "Karibu, mzee wangu. Umechelewa, upepo ndio kwanza umeanza." Ilikuwa saa 4 na robo.

Ya Jumatatu sitayaeleza yote. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, lifti ni mbovu tangu mfungo wa Ramadhani, na asiyewahi kushuka ngazi kinyumenyume akiwa ameshika ukuta, huku mkurugenzi anapanda, hawezi kunielewa. Kucha mbili zimegeuka nyeusi. Sehemu ambazo nilisahaulishwa kupaka mafuta ya mgando, kwa sababu ya haraka ya mwenyekiti na tochi yake, sizitaji mbele za watu.

Jioni matokeo yakaingia kwenye simu. Nilisoma mara ya kwanza, nikavaa miwani, nikasoma tena. Jina langu, namba yangu, saa 1 na dakika 58. Nafasi ya tatu katika kundi la umri wangu. Niliuonyesha ujumbe huo kwa mke wangu, kwa jirani, kwa mwenye duka, na kesho yake ofisini nikaanza na idara ya uhasibu. Watu waliosimama na mimi mstari wa kupanda daladala waliuona pia.

Siku ya tatu simu ikaita. Ni yule binti wa chuo, mwanachama wetu mdogo kuliko wote.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Masomo yanaendaje?" Sasa pumzi nilikuwa nayo, nikaitumia yote.

"Sijambo. Baba, nafikiri mwenyekiti alitubadilishia namba pale gizani."

"Ala!"

"Mimi nimeletewa saa mbili na dakika hamsini na sita. Na nilifika nikaoga, nikala, nikalala kidogo, ndipo nikamsikia yule kaka ananitangaza."

"Pole sana, mwanangu. Hilo si jambo dogo."

"Kwa hiyo naomba tuwaandikie warekebishe."

"Lazima tuwaandikie."

"Leo?"

"Leo hapana. Kuna watu wa ghorofa ya nne hawajaniona nao bado."